Aliyeahidiwa Hakuwa Sultani

Ng'ambo mbili za Mombasa zimebeba majina ya watu waliofika wakiwa na mikataba mkononi. Changamwe kuna Port Reitz, jina la Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa Februari 1824 asimamie himaya ambayo serikali yake ilikuwa haijaikubali, akafa kwa homa kabla mwaka haujapinduka. Kisauni kuna Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari Waingereza wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, gavana wa zamani wa Bombay aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sultani, Sayyid Barghash, atie sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Likoni haikuachiwa jina la namna hiyo, ila ardhi yake na watu wake walipita ndani ya hati zilezile. Wakazi hutaja majina haya kila siku, matatuni na vituoni, na hawana lawama kwa kutojua yalikotoka, kwa maana barua zilizoyaleta hazikuandikwa ili wao wazisome. Hapo ndipo lilipo swali ambalo ni la dini na la akili kabla halijawa la siasa. Mtawala akimwandikia mtawala mwenziwe na kuahidi jambo juu ya watu ambao hawapo mbele yake, ile ahadi ni deni la nani? Mimi nashika kwamba ni deni la wale watu. Mtia sahihi ni wakala tu, na mwenye haki ni yule ambaye mambo yake yamezungumzwa. Kutoka hapo yafuata mawili, nayo hayatengani: mtawala hawezi kuwatoa watu kana kwamba ni mali yake, na ahadi aliyoipokea kwa niaba yao haizikwi pamoja naye.

Tuanze na kisa cha Reitz, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi barua za Pwani zilivyofungamana na barua za Bara Hindi. Wamazrui wa Mombasa, chini ya liwali Sulaiman bin Ali, walikuwa wakimhofu Sayyid Said wa Omani. Walitaka bendera ya Uingereza juu ya Ngome, na nahodha Mwingereza William Owen akawapa, kwa mapatano ya kwamba utawala ubaki katika ukoo wao, wasaidiwe kurudishiwa milki zao, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikomeshwe. Owen aliahidi kwa moyo, lakini hakuwa na idhini. Mambo ya bahari hii yalikuwa yakiamuliwa Bombay, alikokuwa gavana Mountstuart Elphinstone, na huko Sayyid Said alikuwa rafiki mwenye mikataba ya miaka mingi. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka 1837 Sayyid Said akaitwaa Mombasa, na wakuu wa Wamazrui, Rashid bin Salim miongoni mwao, wakakamatwa na kupelekwa kufia Bandar Abbas. Elphinstone huyohuyo ndiye aliyeiongoza siasa iliyomrudisha Raja wa Satara kitini kwa mkataba wa mwaka 1819, mkataba uliompa nchi yake yeye na warithi wake kwa kudumu. Mwaka 1839 Raja yule akavuliwa ufalme, akawekwa nduguye, na nduguye alipofariki mwaka 1848 bila mtoto wa kumzaa, Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ikasema nchi haina mrithi, ikaichukua. Mombasa na Satara hazikujuana. Lakini mwandishi wao alikaa ofisi moja, na waliahidiwa kwa kalamu ya namna moja: kalamu inayoandika "milele" pasipo kuwapo mtu wa kuiuliza.

Kwamba hapakuwa na mtu wa kuiuliza si maneno ya uchungu. Ndivyo mahakama zenyewe zilivyotamka. Raja wa Tanjore alipofariki mwaka 1855 Kampuni ilichukua nchi na hata mali za nyumba yake. Mjane wake akaenda mahakamani, na mwaka 1859 Baraza la Mfalme mjini London likasema tendo lile lilikuwa tendo la dola, na mahakama ya raia haina la kusema juu yake. Karibu miaka mia baadaye hoja hiyo ilivuka bahari hadi Kisauni. Kampuni ya Nyali ilikuwa na haki ya kutoza ushuru katika daraja la Nyali, kiungo cha kisiwa na bara ya kaskazini, na ugomvi ukazuka juu ya magari ya jeshi. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1955, na jaji Denning akaeleza kwamba katika himaya kama hii ya Pwani, ambayo kisheria ilikuwa bado nchi ya Sultani wa Zanzibar, mamlaka ya Taji yana mpaka kwa jina, ila kwa vitendo yaweza kutanuka hadi yakakaribia kuwa serikali nzima, na mahakama haitaufungua mkataba kupima kama mpaka umevukwa. Mtu akizisoma hukumu hizi mbili pamoja ataona kilichokuwa kikifanyika. Mkataba ulitumika kama mlango wa kuingilia, na mwingiaji akishakuwa ndani hati yake ikawa haisomeki tena.

Sasa ikiwa ahadi haina hakimu, je, bado ni ahadi? Wapo wanafalsafa wa sheria wanaosema hapana: neno lisilo na wa kulitekeleza ni adabu tu baina ya wakubwa. Jawabu hilo siwezi kulikubali, na jamii ya Pwani haijawahi kuishi nalo. Katika Uislamu, ambao ndio uliowalea wengi wa waliotajwa katika barua hizi, utawala umewekwa katika fungu la amana, na amana huulizwa hata kama hapa duniani hakuna wa kuiulizia. Surat al-Maida inafunguliwa kwa kuwaamuru walioamini watekeleze mikataba yao, na amri hiyo haikungoja kadhi. Mfano ulio karibu zaidi ni wa wasii wa mali ya yatima. Wasii hutia sahihi, hukodisha, hudai na hulipa, na watu wa nje humwona yeye tu. Lakini hakuna mwanachuoni atakayesema mali ni yake, na likija jambo la yeye kujiuzia mali hiyo mwenyewe kwa bei anayoipanga, kila mtu huinua macho. Basi tuutazame mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895. Sultani Hamed bin Thuwaini alikabidhi uendeshaji wa ukanda wa maili kumi kwa Waingereza, enzi ikibaki yake, kwa pauni 11,000 kwa mwaka pamoja na riba ya asilimia 3 ya pauni 200,000, jumla pauni 17,000. Upande wa pili alikuwepo Arthur Hardinge. Huyu alikuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, ambayo tangu 1890 ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na hapohapo ndiye kamishna wa himaya mpya ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikikodi. Mlezi wa mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mpangaji. Na yatima, yaani watu wa Likoni na Kisauni na Changamwe na mwambao wote hadi Kipini na mbele yake, hakuulizwa. Hata ule upana wa maili kumi ulikatwa mwaka 1886 kwa barua kati ya London na Berlin, kisha Barghash akatakiwa aukubali, naye akaukubali Desemba mwaka huohuo.

Wala tusidhani kwamba watu hao walikuwa wametulia tu wakingoja wa kuwasemea. Wachangamwe, Wakilindini na Watangana walikuwa ndio Thelatha Taifa, nao na Tisa Taifa ndio waliokuwa Mombasa yenyewe, wenye wazee wao, wenye maagano yao na Wadigo upande wa kusini na Wamijikenda wengine upande wa kaskazini na magharibi. Liwali alilazimika kuwapa wazee wa Wamijikenda heshima yao, nguo na zawadi, la sivyo njia hufungwa na mji ukakosa nafaka. Utawala wa namna hiyo ulikuwa wa masharti, unaofanywa upya kila kizazi kwa kukutana na kunong'ona na kugombana na kupatana. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipoinuka mwaka 1895, baada ya Waingereza kuamua nani arithi uongozi wa Takaungu, ilibidi waletwe askari kutoka Bara Hindi ndipo alipovukia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Sisemi kwamba Mbaruk alipigania haki za wote. Alikuwa na maslahi yake, na watumwa wake pia. Nasema tu kwamba barua ziliandika juu ya nchi yenye sauti kana kwamba ni nchi isiyokuwa na mtu.

Kuna pingamizi linalonitia shida zaidi, nalo linatoka Frere Town. Fiqhi inasema mkataba wa kushurutishwa hausihi. Barghash alikataa alichoombwa na Frere, na Juni 1873 akatia sahihi baada ya kutishwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari. Nikisema ahadi ya kulazimishwa si ahadi, je, nasema soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa batili? Na nikisema ilisihi, je, sijawahalalishia wenye manowari kila kitu walichokiandikisha? Wapo wanaotoroka hapa kwa kusema kwamba zama zilikuwa zama, na wengine kwa kusema kwamba mwisho mwema unasafisha njia. Mimi naona tatizo linafunguka mara tu tunapouliza ahadi ile ilikuwa ni haki ya nani. Mtumwa aliyekuwa akishushwa kutoka jahazini alikuwa anadai uhuru wake kabla Frere hajazaliwa. Sahihi ya Barghash haikumpa; iliacha kumzuilia, tena nusu nusu, maana utumwa wenyewe ulibaki halali katika ukanda huu hadi mwaka 1907, na ulipofutwa fidia ilitolewa kwa wamiliki. Kulazimishwa kulimdhulumu Barghash katika heshima ya kiti chake, na hilo ni jambo la kusemwa wazi. Lakini hakukumtoa katika deni alilokuwa nalo tangu mwanzo kwa watu waliofungwa. Kwa hiyo kipimo kinabaki kilekile: sehemu ya hati inayomrudishia mtu haki yake inafunga hata kama kalamu ilishikwa kwa nguvu, na sehemu inayomnyang'anya asiyekuwepo haifungi hata kama sahihi ilitiwa kwa tabasamu na kahawa.

Mwenye elimu ya sira ataniuliza juu ya Hudaibiya. Mwaka wa 6 Hijria Mtume, rehema na amani zimshukie, alifunga mkataba na Makureshi wa kuwarudisha watakaowakimbia, na Abu Jandal akafika na minyororo yake kabla wino haujakauka, akarudishwa. Hapo si kiongozi amemfunga mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo? Hoja hii ni nzito na haifai kupitwa haraka. Jawabu langu lina sehemu mbili. Kwanza, mkataba ule ulikuwa wa muda, miaka kumi, nao ulifungwa hadharani, masahaba wakisikia na wengine wakipinga kwa sauti, Umar mbele yao. Hakuna aliyeuziwa milele kwa barua ya siri. Pili, walipofika wanawake waumini wakikimbia Makka, hawakurudishwa, na Surat al-Mumtahina ikaja na hukumu hiyo. Wanavyuoni wamekhitilafiana kama wanawake walikuwa ndani ya maneno ya mkataba tangu awali au walitolewa baadaye. Kwa vyovyote vile, mkataba ulioheshimiwa kuliko wote katika historia ya Kiislamu ulikuwa na mpaka pale ulipokutana na mtu ambaye kumrudisha kungemwangamiza. Kutimiza ahadi na kumlinda asiyeulizwa ni amri mbili zilizotekelezwa katika tukio moja.

Tuje sasa kwenye barua zilizo hai. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza ukanda wa maili kumi, akapendekeza uunganishwe na Kenya, na kinga ziwekwe kwa Waislamu wa Pwani. Wakati huo harakati za Mwambao zilikuwa zimepamba moto, Ronald Ngala na chama chake cha KADU wakitaka majimbo, wengine wakitaka kujitenga. Tarehe 5 Oktoba 1963 mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar, wakaandikiana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa sahihi London wa kuufuta ule wa 1895. Kenya iliahidi uhuru wa ibada, na hasa kwa waliokuwa raia wa Sultani wakati huo pamoja na vizazi vyao, na ulinzi wa majumba yao ya dini. Mahakama za Kadhi zibaki na mamlaka katika ndoa, talaka na mirathi. Maofisa wa utawala wawe Waislamu katika sehemu zenye Waislamu wengi, kadiri iwezekanavyo. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kwa kadiri hiyohiyo, na ruzuku ya shule zao za msingi iendelee. Na hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitambuliwe daima. Bendera nyekundu ya Sultani ikateremshwa kwenye Ngome ya Mombasa, Kenya ikawa huru tarehe 12 Desemba. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Shamte na kiti cha Sultani Jamshid vikaangushwa kwa mapinduzi. Wapo waliosema tangu hapo kwamba aliyeahidiwa ametoweka, basi na ahadi imekwisha. Lakini barua imewataja wenye haki kwa sifa yao: raia wa wakati ule na vizazi vyao. Hao hawakupinduliwa. Walikuwa Likoni wakingoja kivuko asubuhi ya tarehe 13.

India inatupa mfano wa kulinganisha. Wafalme wadogo waliojiunga na India mwaka 1947 na miaka iliyofuata waliahidiwa posho ya kila mwaka, ahadi ikaingizwa katika katiba yenyewe, na mwaka 1971 Bunge likaifuta. Wengi walisema nchi imevunja neno lake. Nadhani kuna tofauti ambayo haipaswi kufichwa. Ile ilikuwa ahadi kwa wafalme, kwa nyumba zao na masurufu yao, na waliokuwa wakilipa ni maskini wa nchi. Kama Kenya ingeacha kumlipa Sultani kodi yake, nisingeandika makala haya. Barua za 1963 hazikumwekea Sultani chochote. Zilihusu msikiti, mirathi ya mjane, chuo cha mtoto na kiwanja cha mtu.

Kwenye kiwanja ndipo kipimo changu kinaponigeukia mwenyewe, nami sina budi kukifuata. Ahadi ya kuzitambua hatimiliki ilijengwa juu ya sheria ya ardhi ya Pwani ya mwaka 1908, iliyowataka watu walete madai yao yasajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Mwenye wosia wa maandishi, wakili na uzoefu wa ofisi alipata hati. Mdigo wa Likoni au Mgiriama wa Kisauni ambaye baba zake walilima pale kwa jina la ukoo, bila karatasi, alikuta siku moja kwamba yeye ni skwota juu ya makaburi ya wazee wake. Barua ya 1963 ikaja ikaifunga hali hiyo kwa neno "daima". Je, naye alikuwa sehemu ya walioahidiwa? Kama amana ilikuwa kwa watu wote wa ukanda, jawabu ni ndiyo, na hapo kifungu cha ardhi kinapingana na kusudi la barua iliyokibeba. Siwezi kudai vifungu vinne kwa hoja ya amana kisha nikakidai cha tano kwa hoja ya sahihi. Kwa hiyo nasema: hatimiliki iheshimiwe kama haki ya aliyeinunua au kuirithi kwa njia safi, wala mtu asifukuzwe kwake kwa hasira ya historia, lakini haiwezi kuwa jawabu la mwisho kwa ambaye alisajiliwa nje ya ardhi yake mwenyewe, kwa sababu hakuna wakala aliyekuwa na uwezo wa kumsamehea mtu huyo haki yake. Barua yenyewe iliacha mlango, kwa kuruhusu serikali itwae ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa fidia kamili bila kuchelewa. Mlango huo umetumika kwa barabara na bandari. Unaweza kutumika kwa waliokalia ardhi vizazi vitatu.

Linabaki pingamizi la wenye kuogopa. Baraza la Mombasa Republican, lililopigwa marufuku mwaka 2010 hadi Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoitangua marufuku hiyo Julai 2012, lilisimama juu ya hati za 1895 na 1963 kudai kwamba Pwani si Kenya. Basi je, kuzifufua barua si kuufufua mgawanyiko, katika mji ambao Agosti 1997 uliona damu ya mapigano Likoni? Hoja niliyoijenga haiwapi nafasi wanaotaka kujitenga kwa hati. Ikiwa Sultani hakuwa na uwezo wa kuwatoa watu kama mali, basi hati yake ya enzi haiwezi kuwa msingi wa kuwarudisha mahali popote. Enzi yake iliyeyuka kwa sababu hiyohiyo. Viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyokutwa, na kwa upande wa Pwani sioni haki itakayopatikana kwa kuichora upya. Lakini anayekataa kujitenga kwa hoja hii analazimika kuikubali nusu yake ya pili. Serikali haiwezi kusema hati ya 1963 ni halali inapoipa ardhi, na ni karatasi ya zamani inapoidai wajibu. Kilichowapa nguvu waliosema Pwani si Kenya ni miaka ya kuona kwamba barua ilisomwa upande mmoja tu.

Mahakama ya Kadhi imepata ibara yake, ya 170, katika Katiba ya mwaka 2010, na ikapita katika kura ya maoni pamoja na kelele zote zilizopigwa juu yake. Kiarabu shuleni na uteuzi wa maofisa havikupata ibara, na madai ya yule mkulima asiye na hati bado hayajafungwa. Mdaiwa yupo na anajulikana: ni Jamhuri ya Kenya, iliyoyarithi maneno ya waziri mkuu wake wa kwanza kama ilivyoirithi bandari ya Kilindini. Wadai nao wapo, Waislamu na wasio Waislamu, wenye hatimiliki na maskwota. Barua za tarehe 5 Oktoba 1963 zichapishwe kwa Kiswahili, zisomwe katika baraza za Likoni, Kisauni na Changamwe, na serikali itakiwe kueleza, kifungu baada ya kifungu, kipi imekitimiza na kipi haijakitimiza. Wewe unayeishi huko, usingoje Sultani au mwanasiasa akudaie. Itishe hesabu hiyo mwenyewe.